Somo Ndani ya Somo: Walimu-Wanafunzi na Ufundishaji wa Moja kwa Moja kwa Njia ya Uwasilishaji wa Vikundi

1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi za mji wa Uvira, iwe ni Songo, Mulongwe au Kalundu, kuna swali moja ambalo mwalimu huliuliza kila siku na karibu kila saa: "Mmeelewa?", au kwa matamshi ya ukingo wa ziwa, "Mumeelewa?" Jibu lake nalo ni moja, na hutolewa kwa kiitikio kirefu cha darasa zima: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu hugeukia ubao, hufuta, kisha huendelea. Siku ya mtihani ndipo inapodhihirika kwamba wengi wa wale walioitikia hawakuelewa. Swali liliulizwa na jibu likapatikana, lakini mwalimu hakupata habari yoyote juu ya kilichomo vichwani mwa wanafunzi wake.

Tabia hii haianzii katika shule ya msingi. Aghalabu mwalimu huichukua kutoka mahali alipofunzwa ualimu, ambako yeye na wenzake walisimama mbele ya darasa, wakawasilisha sura waliyogawiwa, wakauliza "Kuna swali?", wakapigiwa makofi na kuketi. Makala haya yanaeleza maana ya ufundishaji wa moja kwa moja, nafasi yake katika mazingira ya Uvira, na namna ambavyo uwasilishaji wa vikundi unaweza kuwa njia ya kujifunza mbinu hiyo au, usipoangaliwa, kuwa njia ya kuikwepa. Hoja ya msingi ni kwamba kikundi hujifunza ufundishaji wa moja kwa moja pale tu uwasilishaji wake wenyewe unapokuwa somo lililofundishwa kwa mbinu hiyo, mbele ya watu ambao kwa kweli wana jambo la kujifunza.

2.0 Maana ya ufundishaji wa moja kwa moja

Istilahi hii hutumika kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni finyu, nayo yahusu mfumo ulioanzishwa nchini Marekani katika miaka ya 1960 na Siegfried Engelmann, akishirikiana kwanza na Carl Bereiter na baadaye na Wesley Becker, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Katika mfumo huo masomo huandikwa neno kwa neno, mifano hupangwa kwa uangalifu mkubwa, na wanafunzi hujibu kwa pamoja kwa ishara ya mwalimu. Maana ya pili ni pana zaidi. Katika maana hii, ufundishaji wa moja kwa moja ni ule ambao mwalimu hutaja lengo waziwazi, huonyesha jambo jipya hatua kwa hatua, huwaongoza wanafunzi kulifanya, huwasahihisha papo hapo, kisha huwaachia walifanye peke yao. Barak Rosenshine, ambaye pia alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, alizikusanya kazi hizo za mwalimu pamoja na Robert Stevens mwaka 1986 katika mafungu sita: marudio ya kila siku, uwasilishaji wa jambo jipya, mazoezi ya kuongozwa, masahihisho, mazoezi ya kujitegemea, na marudio ya kila wiki na kila mwezi. Makala haya yanatumia istilahi kwa maana hii ya pili, ingawa yataazima kutoka kwa Engelmann fundisho lake juu ya mifano.

Ni muhimu kuondoa dhana potofu mapema. Ufundishaji wa moja kwa moja si mhadhara. Mhadhiri anaweza kusema kwa saa nzima bila kumwuliza mtu yeyote neno. Mwalimu wa moja kwa moja hawezi kwenda dakika chache bila kudai jibu kutoka kwa kila mwanafunzi. Wala si kukariri. Mwenye kukariri hurudia mfano aliopewa. Aliyefundishwa vizuri huweza kushughulikia mfano ambao hajawahi kuuona. Rosenshine, katika makala yake ya mwaka 2012, alitaja uchunguzi wa ufundishaji wa hisabati ambamo walimu waliofanikiwa zaidi walitumia dakika 23 kati ya 40 za kipindi kwa maelezo, maonyesho, maswali na mifano iliyofanyiwa kazi hadi mwisho, ilhali walimu waliofanikiwa kidogo walitumia dakika 11 tu. Waliobaki nyuma hawakuwa wale waliowaeleza watoto mno, bali wale waliowaachia kazi mapema, kabla hawajaonyeshwa vya kutosha.

Mbinu hii haikosi wapinzani. Mradi mkubwa wa serikali ya Marekani ulioitwa Follow Through, ulioanza mwaka 1968, ulilinganisha mifumo kadhaa ya kufundishia watoto wa familia maskini. Ripoti ya tathmini iliyotolewa mwaka 1977 ilionyesha kuwa watoto waliofundishwa kwa mfumo wa Engelmann na Becker walitangulia kwa wastani katika stadi za msingi. Mwaka uliofuata, Ernest House na wenzake walijibu kwamba vipimo vilivyotumika vilielekea kuipendelea mifumo inayosisitiza stadi hizo, na kwamba tofauti kati ya mahali na mahali ndani ya mfumo mmoja zilikuwa kubwa. Mjadala huo haukuisha. Hata hivyo, mwaka 2018 Jean Stockard na wenzake walichapisha muhtasari wa tafiti 328 za kipindi cha nusu karne, na matokeo yake kwa ujumla yaliunga mkono mfumo huo. Kwa mwalimu wa Uvira, funzo la mjadala huu ni la kiasi: mbinu hii ina nguvu mahali ambapo kuna stadi bayana ya kufundisha, na haidai kuwa ndiyo mbinu pekee.

3.0 Fishi ya somo na pengo lililomo

Mwanafunzi wa humanités pédagogiques, yaani mchepuo wa shule ya sekondari unaotayarisha walimu wa shule za msingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hafiki kwenye ufundishaji wa moja kwa moja akiwa mikono mitupu. Amekwisha kuzoea fishi ya matayarisho yenye hatua zinazojulikana na kila mkaguzi: marudio, motisha, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari na matumizi. Mwenzake wa taasisi ya juu ya ualimu, anayetayarishwa kufundisha sekondari, huijua vilevile. Hatua hizo zina undugu wa wazi na zile zilizotungwa Ujerumani katika karne ya 19 na wafuasi wa Johann Friedrich Herbart, hasa Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein.

Ukilinganisha fishi hiyo na mafungu sita ya Rosenshine, yanayofanana ni mengi kuliko yanayotofautiana. Marudio yapo, lengo lipo, jambo jipya lipo, zoezi la mwisho lipo. Lakini kuna pengo moja. Kati ya uchambuzi, ambamo mwalimu ndiye mwenye neno, na matumizi, ambamo mwanafunzi yu peke yake na daftari lake, fishi ya kawaida haina hatua yenye jina ambamo mwalimu na wanafunzi wanafanya jambo lile lile pamoja. Mtoto huvushwa kutoka kutazama hadi kutenda bila daraja. Hapo ndipo swali la "Mmeelewa?" linapojipenyeza: limekuja kuziba pahali pa mazoezi ya kuongozwa.

Pengo hili huongezeka uzito kwa sababu mbili za mazingira. Ya kwanza ni idadi. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipoanza kutolewa bila malipo mwezi Septemba 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu hawezi tena kupita dawati kwa dawati ili kujua nani yuko wapi. Ya pili ni lugha. Sheria-mfumo Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inakitambua Kifaransa kuwa lugha ya elimu, na papo hapo inaziruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Uvira ni mji ambao mtoto huweza kuzungumza Kifuliiru, Kivira au Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni na uwanjani, na kukutana na Kifaransa darasani. Mwalimu wake naye amefunzwa ualimu kwa Kifaransa. Anazijua hatua za somo kwa majina ya Kifaransa, lakini ni kwa Kiswahili atakapolazimika kumwambia mtoto wa darasa la pili: "Tazama, sasa fanya nami." Maneno hayo machache hajawahi kuyafanyia mazoezi.

4.0 Uwasilishaji unaozungumza juu ya somo

Uwasilishaji wa vikundi umeenea katika vyuo kwa sababu zinazoeleweka. Vitabu ni vichache, wanafunzi ni wengi, na mkufunzi hawezi kumsikiliza kila mmoja kwa zamu. Sura hugawanywa, kila kikundi hupewa sehemu yake, na siku ikifika wanakikundi husimama mbele. Faida zake si haba: wanafunzi husoma wenyewe, hujizoeza kusema hadharani, na hujifunza kushirikiana.

Inapokuwa mada ni ufundishaji wa moja kwa moja, utaratibu huo huzaa kinyume cha kusudio. Mmoja husoma historia, wa pili husoma maana, wa tatu huorodhesha hatua, wa nne hutaja faida na hasara, wa tano hushukuru. Hakuna aliyeonyesha lolote, wala aliyeuliza swali lenye jibu, wala aliyesahihisha. Hadhira huandika neno "mazoezi ya kuongozwa" bila kuongozwa katika zoezi lolote. Ni sawa na kumfundisha mtu kupiga kasia kwa kumsomea sehemu za mtumbwi akiwa amekaa kivulini.

Kasoro ya pili ni ya ndani ya kikundi chenyewe. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio yake juu ya watu wanaovuta pamoja: idadi ya wavutaji ilipoongezeka, nguvu ya kila mmoja ilipungua. Kikundi cha watu saba kinachogawana aya hufanya vivyo hivyo. Aliyepewa historia hajui masahihisho ni nini. Aliyepewa shukrani hajui chochote. Wote saba hupata alama moja.

5.0 Uwasilishaji ulio somo: mfano wa "cha" na "vya"

Njia ya kutoka katika hali hiyo ilikwisha kuonyeshwa na utaratibu wa ufundishaji mdogo, ulioanzishwa na Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963. Mwalimu-mwanafunzi hufundisha somo fupi lenye lengo moja kwa watu wachache, husikiliza uhakiki, kisha hulifundisha tena. Uwasilishaji wa kikundi ukiwekwa katika umbo hilo, kikundi huacha kueleza hatua na huzitenda.

Ichukuliwe kwa mfano kikundi cha watu sita kilichopewa dakika 25. Kinachagua lengo dogo la sarufi ya Kiswahili: mwanafunzi aweze kuchagua kati ya "cha" na "vya" katika kuonyesha umilikaji. Lengo hili lina maana ya pekee katika Kongo ya mashariki, kwa kuwa katika usemi wa kila siku "ya" huweza kusimama mahali pa viunganishi vingine, na mtu husema "kitabu ya mwalimu" na kueleweka bila taabu. Mwalimu hana sababu ya kuudharau usemi huo, ambao una utaratibu wake. Lakini mtoto atakayeandika mtihani au kusoma kitabu kilichochapishwa kwa Kiswahili sanifu anastahili kufundishwa umbo la pili, na kufundishwa wazi, badala ya kuachwa alibahatishe.

Kazi ya kwanza ya kikundi ni kupanga mifano, na hapa ndipo Engelmann anapohitajika. Katika kitabu cha nadharia ya ufundishaji alichokiandika pamoja na Douglas Carnine mwaka 1982, alisisitiza kwamba mwanafunzi hujifunza kile ambacho mifano inakiruhusu, si kile ambacho mwalimu amekikusudia. Chukua jozi ambayo walimu wengi wangeiandika ubaoni bila kufikiri:

kikapu cha mvuvi – vikapu vya wavuvi

Jozi hii ina sentensi sahihi mbili, lakini inafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtoto anaweza kudhani kwamba "cha" imegeuka kuwa "vya" kwa sababu wenye mali wamekuwa wengi. Dhana hiyo ni potofu, na hakuna chochote ubaoni kinachoikanusha. Kikundi kilichojiandaa hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja:

kikapu cha mvuvi – vikapu vya mvuvi
kikapu cha mvuvi – kikapu cha wavuvi

Jozi ya kwanza inaonyesha kinachobadilisha kiunganishi. Ya pili inaonyesha kisichokibadilisha. Sasa mtoto hana njia ya kupotea.

Kazi ya pili ni maonyesho. Anayefundisha hatangulizi kanuni ndefu juu ya ngeli, anafikiri kwa sauti ili wanafunzi wamsikie anavyoamua: "Tazameni ninavyofanya. Nasoma jina la kitu: kikapu. Najiuliza: ni kimoja au ni vingi? Ni kimoja. Basi nasema cha. Kikapu cha mvuvi. Sasa nasoma: vikapu. Ni vingi. Nasema vya. Vikapu vya mvuvi." Hufanya hivyo kwa mifano mitatu au minne, kwa maneno yale yale kila mara, kwa kuwa kubadilisha maneno ya maelezo katikati ya maonyesho humfanya mtoto adhani kuwa jambo lenyewe limebadilika.

Kazi ya tatu ni ile iliyokosekana katika fishi, yaani mazoezi ya kuongozwa. "Sasa tufanye pamoja. Kisu. Ni kimoja au ni vingi?" Darasa linajibu. "Basi tunasema nini?" Darasa linajibu. Baada ya mifano michache mwalimu hupunguza msaada: halitaji tena swali la kwanza, hutaja jina tu na kungoja. Pasipo na vibao vya kuandikia, vidole vinatosha: kidole kimoja kwa "cha", viwili kwa "vya". Mwalimu husema jina, hunyamaza kwa sekunde chache ili kila mtu afikiri, kisha hupiga kofi, na mikono yote huinuliwa kwa mara moja. Katika darasa la watoto 60, kwa kutupa macho mara moja, mwalimu anajua ni nani wamekosea. Rosenshine alipendekeza kwamba katika hatua hii kiasi cha asilimia 80 ya majibu yawe sahihi kabla ya kuendelea. Kwa darasa hilo ni majibu 48. Yakipungua, mwalimu hurudi kwenye maonyesho.

Masahihisho nayo yana mpango. Anayekosea haambiwi "Hapana, kaa," wala swali halipelekwi kwa jirani yake anayejua. Mwalimu humwonyesha tena, hufanya naye, humwacha ajibu peke yake, na baada ya mifano miwili mitatu humrudia kwa mfano ule ule uliomshinda. Kurudi huko ndiko kunakotofautisha masahihisho na kuziba aibu.

Hatimaye huja mazoezi ya kujitegemea, ambamo kikundi huingiza majina yaliyowekwa akiba. "Chombo" na "vyombo" hupima kama mwanafunzi ameshika wazo la umoja na wingi au ameshika sauti ya ki- peke yake. Kisha huja jina ambalo kila mkazi wa ukingo wa kaskazini wa Tanganyika analifahamu: kiboko. Mnyama wa mto Ruzizi ni "kiboko wa Ruzizi", kwa kuwa viumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya kwanza. Fimbo ya mchungaji ni "kiboko cha mchungaji". Jina hili halimo katika lengo la somo la kwanza, na kikundi chenye busara kitaliweka kwa ajili ya somo la pili. Lakini linafaa sana kwa hadhira ya walimu-wanafunzi, kwa sababu itakayofuata.

6.0 Hadhira inayojua na hadhira isiyojua

Uwasilishaji wa aina hii una hatari moja ambayo huharibu kila kitu: hadhira ya watu wazima inayojifanya watoto. Mwenzako aliyekwisha kujua "kikapu cha" huinua kidole sahihi hata kama umefundisha ovyo. Mafanikio yake hayathibitishi lolote. Kikundi huketi kikiwa na furaha, nacho hakijawahi kukutana na kosa la kweli, wala hakijawahi kulisahihisha.

Kwa hiyo kikundi kichague jambo ambalo hadhira hailijui. Hapo ndipo "kiboko wa" na "kiboko cha" vinapofaa, kwa kuwa si wanachuo wote watakaoamua bila kusitasita. Lakini Uvira ina hazina kubwa zaidi. Katika darasa moja la ualimu hukaa pamoja wazungumzaji wa Kifuliiru, Kivira, Kibembe na Kirundi. Mwanafunzi wa Kibembe akiwafundisha wenzake kanuni moja ndogo ya lugha yake, wale wasioijua watakosea kwa uaminifu, na yeye atalazimika kuona mifano yake ilipowapotosha. Si lugha pekee: fundo la kushonea wavu, kipimo cha mchanganyiko wa saruji na mchanga, au usomaji wa ramani vyaweza kufundishwa kwa dakika kumi na kupimwa hapo hapo. La lazima ni kwamba mwishoni kila msikilizaji aandike jibu kwenye kikaratasi, na kikundi kihesabu vikaratasi hivyo mbele ya wote. Kama wasikilizaji ni 30 na waliopata ni 11, hakuna makofi yatakayoficha habari hiyo.

Sehemu hiyo ya somo inafaa itolewe kwa Kiswahili, hata pale ambapo maelezo ya nadharia yametolewa kwa Kifaransa kama chuo kinavyodai. Mwalimu-mwanafunzi anayeweza kufafanua mazoezi ya kuongozwa kwa Kifaransa fasaha, kisha akakwama kusema kwa Kiswahili "fanya nami", hajawa tayari kwa darasa la pili la Songo.

7.0 Lugha ya swali

Kwa kuwa nguvu ya mbinu hii yote imo katika swali, inafaa kuchunguza swali lenyewe kama tukio la lugha. "Mmeelewa?" ni swali la ndiyo au siyo, lililoelekezwa kwa wengi, kwa kitenzi chenye hali timilifu. Kila sehemu ya umbo hilo inamsukuma mtoto upande mmoja. Kiambishi cha wingi kinalifanya jibu kuwa la kundi, na mtu mmoja hawezi kujibu "hapana" kwa niaba ya kundi. Hali timilifu inalichukulia jambo kuwa limekwisha kutendeka. Zaidi ya hayo kuna adabu: kumwambia mkubwa kwamba hukuelewa ni kama kumwambia kwamba hakueleza. Mtoto aliyelelewa vizuri atasema "Ndiyo, mwalimu" kwa heshima tu. Methali isemayo kuuliza si ujinga inajulikana na wote, lakini mtoto anajua pia bei ya kuuliza mbele ya wenzake 60 wanaotaka kwenda mapumziko.

"Nani anajua?" ni bora kidogo tu, kwani huita mikono ile ile mitano ya madawati ya mbele. Maswali yanayofaa ni yale ambayo adabu haiwezi kuyajibu. La kwanza ni la kuchagua: "Cha au vya?" Mtoto mwenye heshima na mtoto mtundu wote hulazimika kuchagua. La pili ni la sababu: "Umejuaje?" Hili humfanya aliyepata kwa kubahatisha ajitambue. La tatu si swali bali ni agizo: "Onyesheni." Katika matayarisho ya kikundi, kazi moja ya lazima iwe ni kuandika maswali yote yatakayoulizwa, neno kwa neno, na kufuta kila "Mmeelewa?" iliyojificha humo. Wanafunzi wengi hushangaa wakiona jinsi zilivyo nyingi.

8.0 Alama, zamu na tahadhari

Dawa ya ugonjwa wa Ringelmann ni kura. Wanakikundi wote hutayarisha somo zima; jina la atakayefundisha huchaguliwa kwa kura asubuhi ya siku yenyewe. Wawili miongoni mwa waliobaki huhesabu majibu ya hadhira, mmoja huandika makosa na masahihisho, mwingine hushika saa. Baada ya uhakiki, mwanakikundi wa pili hulifundisha tena fungu lililoshindikana. Alama ya kikundi hutolewa kwa mpango wa mifano. Alama ya mtu binafsi hutolewa kwa andiko fupi ambamo kila mmoja anaeleza kosa moja la hadhira na mfano uliolisababisha. Mwalimu atakayefanya hivyo mara tatu kwa mwaka amejifunza zaidi ya aliyenakili sura nzima.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, kiitikio cha pamoja si ushahidi kwa kuwa ni cha pamoja. Wanafunzi wasipojibu kwa mara moja, walio dhaifu huwafuata walio hodari kwa nusu ya sekunde, na mwalimu husikia kwaya badala ya majibu. Ndiyo maana kimya cha kufikiri na ishara ya wazi si mapambo. Pili, si kila lengo hufaa kwa njia hii. Kujadili kisa cha riwaya, kutunga insha au kuamua ugomvi wa kijiji ni mambo yasiyo na jibu moja la kuonyesha kwa kidole.

Lipo pia suala la masomo yaliyoandikwa tayari. Nchini Kenya, mpango wa Tusome, ulioenezwa kitaifa kuanzia mwaka 2015, uliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo miongozo ya Kiswahili na Kiingereza iliyopangwa somo kwa somo. Miongozo ya namna hiyo humsaidia mwalimu mchanga aliye na watoto wengi. Lakini mwalimu aliyepanga mifano yake mwenyewe walau mara moja, akaona ilipowapotosha wenzake, atausoma mwongozo kwa macho mengine: atajua kwa nini mfano wa tatu umewekwa baada ya wa pili, na atajua la kufanya siku ambayo mwongozo haukufika.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa fishi ya somo inayotumika Uvira iko karibu na ufundishaji wa moja kwa moja kuliko inavyodhaniwa, na kwamba kinachokosekana hasa ni daraja la mazoezi ya kuongozwa pamoja na maswali yanayolibeba. Yameonyesha pia kuwa uwasilishaji wa vikundi unaweza kulijenga daraja hilo kwa masharti machache yasiyohitaji fedha: lengo moja dogo, mifano inayobadilika jambo moja kwa wakati mmoja, hadhira isiyojua, maswali yaliyoandikwa, kura ya mfundishaji, vikaratasi vilivyohesabiwa, na Kiswahili kwa sehemu itakayofundishwa kwa Kiswahili. Masharti hayo yanaweza kuanza kutumika katika uwasilishaji wa juma lijalo. Mtoto wa Songo atakayejibu "Ndiyo, mwalimu" hataacha kujibu hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa nyumbani. Ni mwalimu wake anayepaswa kujifunza kutokuridhika na jibu hilo, na mahali pa kujifunzia ni mbele ya wenzake, kabla hajakabidhiwa darasa.